Vuta, Mama

Ukipita korido ya ghorofa ya pili, ukishauacha mlango wa eksirei na kabla hujafika choo cha wafanyakazi, utamsikia mwanamume akifoka. "Vuta! Vuta! Usiniachie! Bado, bado, vuta!" Mgeni husimama akidhani kuna mtu anapigwa humo ndani. Wenyeji wala hawageuzi shingo. Wanajua ni Bwana Vuta yuko kazini.

Jina hilo alipewa na wafagiaji, likapanda kwa manesi, likawafikia madaktari, na siku hizi akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake huchelewa kuitika. Mtaani lilimponza kidogo. Jirani mmoja alilisikia akaanza kunong'ona huko na huko kwamba yule baba mpole wa nyumba ya kona kumbe ni mvutaji, tena si wa sigara. Maskini wa Mungu, hata njiti ya kiberiti huishika kwa wasiwasi. Kazi yake ni kupima nguvu ya misuli ya kupumua kwa watu wazima, basi.

Wengi wetu tunaamini pumzi inaingia yenyewe. Haiingii yenyewe. Kuna kiwambo chini ya mapafu, kuna misuli baina ya mbavu, na hiyo ndiyo inayovuta hewa usiku na mchana bila kuomba likizo. Ikidhoofika, hakuna anayeiona. Mguu ukidhoofika unachechemea, watu wanakuhurumia na kukupisha kwenye kiti. Pumzi ikidhoofika, watu wanasema umenuna.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Ni bomba fupi lenye kipande cha mpira cha kuuma, limeunganishwa na kijisanduku kinachoonyesha namba. Unabanwa pua kwa kibanio, unatoa pumzi mpaka unajihisi mfuko mtupu, kisha Bwana Vuta anaziba bomba na kukuamuru uvute. Unavuta kitu kisichovutika. Hewa haiji. Kijisanduku kinasoma tu kwamba mvuto wako ule ungeweza kupandisha maji kwenye mrija sentimita ngapi. Na wajanja wanaotaka kunyonya kwa mashavu wamewekewa pembeni kitundu chembamba kama sindano, kinachovujisha mvuto wa mdomoni, mashavu yao yanafanya kazi ya bure.

Sasa, mwili ni mchoyo. Ukiambiwa kwa upole uvute kwa nguvu zako zote, utatoa nusu na kuapa kwamba ni zote. Ndiyo sababu ya kelele. Bwana Vuta ameshamfokea jaji mstaafu, ameshamfokea mwalimu aliyemchapa akiwa darasa la tatu, ameshamfokea mkurugenzi wa hospitali yenyewe, na wote walimshukuru huku macho yamewatoka. Wapo pia wanaotafuta cheti cha kupumzika kazini, hao huvuta kidogo makusudi. Hawamsumbui. Kujizuia ni kugumu kuliko kuvuta, kwa sababu hakuna ajuaye vizuri nusu yake iko wapi. Namba za anayejizuia huruka: mara hamsini, mara thelathini, mara sabini. Anayetoa yote, namba zake hufanana kama watoto wa tumbo moja. Bwana Vuta hutazama tu kijisanduku, akatabasamu, akasema, "Haya ndugu yangu, sasa tuvute kweli."

Kelele hizo huziacha kazini pamoja na koti jeupe. Nyumbani ni kimya kama maji mtungini. Mkewe humwita Baba Mapacha, kwa ajili ya wana wao wawili walioko shule ya bweni, na hulalamika kwamba ameolewa na mtu anayemaliza maneno yake yote kwa wagonjwa. Na tangu mama mkwe ahamie kwao, kimya kile kikazidi. Mwanamume akawa anavua viatu nje ya geti.

Mama mkwe alikuja kwa siku chache, siku chache zikazaa miezi. Alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa kutia viraka. Kule mjini kwake alikuwa na karakana ya sare za shule, nyumba yake ikiwa juu ya karakana hiyo, na watu wazima wa mji ule, wenye vyeo na wasio navyo, wote walishawahi kusimama mbele yake wakiwa watoto, mikono juu, wanapimwa kiuno. Mjane, mrefu, mnyoofu. Alipenda kwake kuliko mahali popote duniani na hakuficha. Begi lake lilikaa limefungwa miguuni pa kitanda. Jumamosi hii narudi, alikuwa akisema, na Jumamosi ikifika binti yake alikuwa akimwomba asubiri nyingine.

Na heshima! Bwana Vuta alikuwa akiwasimulia wenzake kazini, wale wenye mama wakwe wa ulimi wa upupu, mpaka wakamchoka. Mama huyu hakuwahi kuonekana amejinyoosha kwenye kochi. Hakuongea wakati wa kula. Maneno yake yalikuwa machache na ya kupimwa: alisema matatu, akatua, akasema mengine mawili. Akienda dukani na binti yake alisimama kwenye kila geti kuwajulia hali majirani, geti baada ya geti, hadi mtaa mzima ukampenda. Hata usiku hakulala ovyo. Alikaa kwenye kiti katika chumba cha mapacha, mgongo wima, mtandio kichwani, kama mtu anayesubiri kuitwa. "Kwa mkwe hakulaliki," alimwambia binti yake alipoulizwa, na Bwana Vuta aliposimuliwa hilo alizidi kumpenda.

Ni mkewe aliyeanza kupata wasiwasi. Alimpeleka mama yake kwa daktari wa kifua, mwanamke kijana asiye na maneno mengi. Daktari akasikiliza mapafu, yako sawa. Akatazama picha ya moyo, uko sawa. Kisha akaagiza kile kipimo cha ghorofa ya pili. Hospitali nzima ilikuwa na mpimaji mmoja tu.

"Najua ni mama mkwe wako," daktari alimwambia Bwana Vuta walipokutana kwenye ngazi, "lakini sina mwingine. Nataka namba ya kweli. Ikiwa nzuri, aende zake kwake, hana neno. Ikiwa ya chini, siwezi kumwachia akaishi peke yake. Misuli hiyo ikichoka usingizini mtu halalamiki. Analala, haamki."

"Nimeelewa, daktari," alisema, na kweli alielewa. Asichokijua ni namna atakavyomfokea mama wa mkewe.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda segemnege tangu mlangoni. Alimfungulia, akainama, akasahau kumpa kiti kwa sababu alikuwa anafuta kiti kilichokwisha kufutwa. Mama akaketi. Akabanwa pua. Bwana Vuta akageukia dirishani, akayatolea maelezo yake mapazia.

"Mama, uniwie radhi sana. Naomba utoe pumzi yote. Halafu, ukiwa tayari, nitaomba uvute kidogo."

"Kidogo?" Sauti ya mama ilitokea puani penye kibanio.

"Yaani... kwa nguvu. Kwa kadiri utakavyoona wewe mwenyewe, mama."

Nje, mfagiaji alisimama na fagio lake akasikiliza. Alipoona kimya akaenda zake akidhani Bwana Vuta leo hakuja kazini.

Mama akajifunika uso kwa mtandio, bomba likiwa ndani yake, na akavuta. Hakikusikika kitu. Namba ikatokea, thelathini na moja. Bwana Vuta akamwomba tena, bado akiangalia mapazia, ikatokea thelathini. Mara ya tatu, thelathini na moja. Urefu wa rula ya mtoto wa shule, na kucha moja juu yake. Mwanamke wa umri wake angetarajiwa kupandisha maji mara mbili ya hapo na bado akabakiwa na nguvu za kugombana.

Moyo ulimpiga pa, kisha ukatulia, na hapo ndipo alipokosea. Alijiambia kwamba amejitakia mwenyewe. Nani angevuta kwa kuombwa namna ile? Mwanamke mwenye haya zake, mbele ya mkwe wake, atoe macho na mate? Hakuvuta. Bila shaka hakuvuta. Faraja ikamjaa hadi akataka kucheka.

"Ni haya ya mkwe tu, daktari," alimwambia yule kijana baadaye. "Na mimi ndiye niliyeyaleta. Nilimwomba avute kama ninayeomba nipitishiwe chumvi."

Daktari alicheka kidogo, akaitazama ile karatasi kuliko alivyomtazama yeye. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi rudia keshokutwa. Na safari hii fanya kazi yako."

Jioni ile akamweleza mama, akiwa amesimama mlangoni mwa sebule kama mwanafunzi aliyechelewa. Majibu ya leo hayakuhesabika, alisema, kosa ni lake, watarudia. Mama alimtazama kitambo.

"Hayakuhesabika," akasema. Akatua. "Kwa sababu gani, baba?"

"Kwa sababu ulinionea haya, mama. Na mimi nilikuonea haya. Ni kawaida."

Mama akatua tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu. "Ndiyo. Nilikuonea haya." Akautengeneza mtandio. "Basi Jumamosi naweza kwenda."

"Tukirudia na ikiwa nzuri, mama, hata Ijumaa."

Jikoni mkewe hakutabasamu. Alikuwa anakwaruza sufuria kwa hasira ambayo sufuria haikuistahili.

"Wewe," alisema, akiishusha sauti ili isivuke ukuta, "mchana kutwa unawafokea watu wazima, wazee wa watu, watu na heshima zao. Mama yangu unamnong'oneza kama yai litapasuka."

"Mama yako si mgonjwa wangu."

"Si mgonjwa wako? Sasa ni mgonjwa wa nani? Baba Mapacha, mfokee. Nakuruhusu. Akikasirika nitasema nimekutuma mimi."

"Ruhusa ya kumfokea mama mkwe haitolewi na mtu."

"Naitoa mimi!" Sufuria ikaanguka kwenye karo. Akasimama hapo mikono ina povu, na ghafla hakuwa na hasira tena. "Ninaogopa," akasema. "Jana nilimkuta ameketi kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili. Nikamuuliza, mama, vipi? Akaniambia anawaza. Baba Mapacha, yule mtu hakuwa anawaza."

Alimkumbatia mkewe akamwambia mambo ya kumtuliza, ambayo yeye mwenyewe aliyaamini. Siku iliyofuata alifanya mazoezi. Alijifungia kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, kati ya mafagio na ndoo, akamfokea mama mkwe aliyekuwa kwenye mawazo yake. "Vuta, mama!" Ilitoka kama mlio wa panya. Akarudia mpaka ikanyooka. Upande wa pili wa ukuta yule jirani akakohoa kwa makusudi, akasema kwa sauti kubwa kwamba wapo watu wasiojali hewa ya wenzao.

Siku ya kurudia, mama aliingia kwa mwendo wake wa taratibu, akaketi, akaweka mkoba magotini. Bwana Vuta alikuwa amejiandaa na hotuba.

"Mama, leo nitakukosea adabu. Nitapaza sauti. Tafadhali nisamehe kabla sijaanza."

"Nikosee," mama akasema. Akatua. "Nimeshakusikia. Nilipokuwa nangoja pale nje. Unafoka vizuri."

Kisha akafanya jambo ambalo mkwe wake hakulitarajia. Akauvua mtandio, akaukunja, akauweka juu ya mkoba. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, zimesukwa nyembamba. Bwana Vuta aliona aibu ya kuziona, akapiga moyo konde, na leo hakugeukia mapazia.

Akambana pua. "Toa pumzi. Toa yote, mama. Kamua. Kamua mpaka isibaki kitu." Akaziba bomba, akafumba macho nukta moja, akayafumbua. "Sasa vuta! Vuta! Vuta, mama, vuta! Usiniachie! Vuta!"

Sauti ilijaa chumba ikamwagika kwenye korido. Na mama alivuta. Mishipa ya shingo ilimtoka, mabega yakapanda hadi masikioni, machozi yakamlengalenga. Bwana Vuta alikuwa akimtazama, na kwa kuwa alimtazama aliona kile ambacho mtandio na mapazia vilikuwa vimemficha: tumbo la mama lilikuwa linaingia ndani. Mtu akivuta pumzi, kiwambo hushuka na tumbo hutoka nje, hata kwa mtoto mchanga. Lake lilinyonywa kuelekea mgongoni, kama nguo inayofyonzwa na upepo wa dirisha. Kiwambo hakikuwa kinashuka. Shingo na mabega ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi yake.

Namba ikatokea. Thelathini na mbili.

Sauti yake yote, ile iliyowatoa majaji macho, ilikuwa imeongeza sentimita moja.

"Pumzika, mama," alisema. Wakarudia. Alifoka mpaka koo likamkereketa, na ikaja thelathini na moja. Wakarudia tena, ikaja thelathini.

Alikaa kwenye kiti chake cha ofisini na kuiangalia ile karatasi ya juzi, iliyokuwa bado imebanwa kwenye faili. Thelathini na moja, thelathini, thelathini na moja. Watoto wa tumbo moja. Angekuwa mtu mwingine yeyote, karani, dereva, jaji, angelijua siku ileile, kabla hajafungua kibanio cha pua. Mtu anayejizuia hawezi kujizuia mara tatu sawasawa. Jambo hilo amelifundisha kwa wanafunzi mwaka hadi mwaka, na juzi lilisimama mbele yake akaliita haya.

Kisha mengine yote yakaja, hayakubisha hodi. Maneno matatu, kituo, maneno mawili: si busara, ni hewa iliyokwisha. Magetini alikuwa anasimama ili apumue, na majirani walikuwa kisingizio chake. Mezani alinyamaza kwa sababu kumeza na kupumua kwa pamoja vilimshinda. Na kile kiti. Kiwambo kikilegea, mtu hawezi kulala chali, matumbo humpanda kifuani akahisi anazama. Kwa mkwe hakulaliki! Bwana Vuta, mtaalamu wa pumzi, alikuwa ameishi na mtu asiyeweza kupumua, na alichofanya ni kumsifu kwa wenzake. Alijichukia pale kitini, waziwazi, kama mtu anavyomchukia mwingine.

"Mama," akasema, "juzi ulivuta."

Mama alikuwa anajifuta midomo kwa leso. Hakuharakisha.

"Nilivuta, baba," akasema. "Nilivuta yote."

"Mbona hukuniambia? Niliposema ni haya..."

"Ulifurahi sana." Akatua, akavuta hewa kwa mabega. "Niliona umefurahi. Nikasema... kumbe yapo maelezo mazuri. Acha yawe hayo."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kule kwangu. Ngazi zilianza kunishinda. Nikalala chini, karakanani... kwenye kiti." Alitazama mlango kama anayehakikisha umefungwa, kisha akamsogelea mkwe wake, akaongea kwa sauti ya chini, haraka kuliko kawaida yake, jambo lililomfanya akatike katikati ya maneno. "Sikiliza, baba. Karatasi ya leo... iache. Peleka ya juzi. Mwambie daktari... nimekuonea haya tena. Atakuamini. Huyu mama wa kizamani, atasema... hawezi kuvuta mbele ya mkwe. Nipate Jumamosi yangu. Sikuombi kitu kingine."

"Mama, ukilala peke yako kule..."

"Najua. Nitalala kwangu."

Sasa, lazima ieleweke kwamba Bwana Vuta hakuwa amewahi kumkatalia mwanamke huyu kitu. Tangu siku alipokwenda kuposa, jasho linamtiririka, mama akamuuliza kama atamtunza binti yake akajibu ndiyo mara nne. Alichokitaka mama kilitimizwa kabla hajamaliza kukitaka. Na anachokitaka leo kilikuwa chepesi. Hakikuhitaji hata kusema uongo mpya, ulikuwapo wa juzi, umeshakubaliwa.

Aliipakata ile karatasi ya leo kifuani kana kwamba mama angempokonya.

"Hapana, mama," akasema.

Mama akamtazama.

"Umenikatalia," mama akasema.

"Nimekukatalia."

"Mimi."

"Wewe, mama. Kasirika, una haki. Lakini nisikilize na mimi leo, kwa sababu siku zote huwa sisemi." Maneno yalimjia bila mpangilio, akayaacha yaje. "Hii haina maana kwamba hutarudi kwako. Ina maana hutarudi ukiwa hivi. Kuna mashine ndogo ya kulalia, inavaliwa kama kinyago, inakusukumia hewa ili misuli hiyo ipumzike. Watu wanalala nayo majumbani mwao. Daktari atatafuta ugonjwa wenyewe, huenda una dawa, huenda hauna, sitakudanganya. Ila nikipeleka karatasi ya juzi utakwenda kwako Jumamosi na mwanao atakwenda kukuchukua wiki ijayo, na hatakukuta. Sitaki. Si kwa ajili ya kazi. Mimi nakupenda, mama. Nilidhani kukuheshimu kunatosha."

Hakuwahi kusema hivyo kwa mtu mzima yeyote zaidi ya mkewe, na kwa mkewe pia ni kwa nadra. Aliona haya hadi ncha za masikio, lakini hakuyarudisha maneno.

Mama mkwe aliuchukua mtandio wake uliokunjwa, akaufungua, akawa kama anayetaka kuuvaa, kisha akauacha magotini. Mwishowe akagonga kiti kilichokuwa pembeni yake, kile cha kuketi wasindikizaji, akagonga mara mbili kwa kidole, kama alivyokuwa akiwaita watoto wa shule waje kupimwa.

Bwana Vuta akaenda, akaketi. Hawakuwahi kuketi hivyo, bega kwa bega.

Na mama akamwegemea. Alianza kwa bega tu, kwa tahadhari, kisha kichwa, kisha akaachia mwili mzima, uzito wote wa mtu ambaye usiku baada ya usiku amekuwa akijishikilia wima ili asizame. Bwana Vuta alikaza mgongo ili wasianguke wote wawili. Aliusikia kwa mkono wake ule mshipa wa shingo ukikakamaa, ukilegea, ukikakamaa tena, pumzi moja kazi, na nyingine kazi, na nyingine.

"Pole, mama," akasema.

"Nimechoka, baba," mama akasema, macho yamefumba. "Usinyanyuke kwanza."